Nakamura Nakazo: Aliyepanda Kutoka Mtaa wa Inari

Chumba cha chini

Katika majumba ya kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, huko Edo, mji ambao leo ndio Tokyo, hukuwa na haja ya kumwuliza mwigizaji cheo chake. Ulitazama tu anavalia wapi. Wakubwa walikuwa na nafasi zao juu, na watumishi wa kuwakunjia nguo. Waigizaji wa sehemu za kike, ambao wote walikuwa wanaume, walikuwa na ghorofa yao ya kati. Waliobaki walirundikana chini, kando ya kijimadhabahu cha Inari, mungu wa mpunga ambaye mbweha ndio wajumbe wake. Kwa ajili ya madhabahu hiyo, kundi lile la chini likaitwa inarimachi, mtaa wa Inari. Hao ndio waliocheza askari wa kukatwa vichwa, wanakijiji wa kukimbia huku na huku, na miguu ya farasi, ya mbele na ya nyuma.

Juu ya inarimachi kulikuwa na vyeo kadhaa, na juu kabisa kulikuwa na nadai, yaani wale ambao majina yao yaliandikwa kwenye mabango mbele ya jumba. Kupanda kutoka chini hadi juu halikuwa jambo lililozoeleka. Mcheza kwao hutunzwa, na katika kabuki, kwao maana yake ni ukoo. Mtoto wa mwigizaji mkubwa alizaliwa na jina linalomsubiri, na sehemu zinazomsubiri, na hata namna ya kukodoa macho ambayo babu yake aliitungia umaarufu. Asiye na ukoo alisubiri wenye ukoo wapate homa.

Mambo hayakuanza hivyo. Kabuki ilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 17 huko Kyoto, na anayetajwa kuwa mama yake ni mwanamke, Okuni, mcheza ngoma. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, ikawapiga marufuku wanawake jukwaani mwaka 1629 kwa kisingizio cha maadili, kisha mwaka 1652 ikawapiga marufuku vijana wa kiume waliochukua nafasi zao, kwa kisingizio kile kile. Wakabaki watu wazima walionyolewa utosi, ambao hawakuwa na uzuri wa kuuza. Ikawabidi wauze ufundi. Nadhani hakuna amri ya serikali iliyowahi kuisaidia sanaa pasipo kukusudia kama ile.

Baada ya kashfa ya mwaka 1714, ambapo bibi mkubwa wa ikulu alinaswa katika mapenzi na mwigizaji na jumba moja zima likafungwa kwa ajili hiyo, Edo ilibaki na majumba matatu tu yenye kibali: Nakamura-za, Ichimura-za na Morita-za. Kisheria waigizaji walikuwa watu duni, waliotukanwa kuwa ombaomba wa kando ya mto. Wakati huo huo wale wa juu kabisa waliitwa waigizaji wa ryo 1,000, yaani sarafu 1,000 za dhahabu, kwa jinsi walivyolipwa. Dharau na dhahabu vilikaa nyumba moja, na mtu wetu, Nakamura Nakazo, alipitia vyote viwili.

Mtoto wa kulea, 1736 hadi miaka ya 1750

Nakazo alizaliwa mwaka 1736. Hakutoka katika ukoo wa waigizaji. Alichukuliwa akiwa mdogo na kulelewa na watu wawili wa sanaa. Baba mlezi alikuwa Nakayama Kojuro, mwimbaji wa nagauta, ule uimbaji unaoambatana jukwaani na shamiseni, ala ya nyuzi tatu. Mama mlezi alikuwa Oshun, mwalimu wa ngoma wa shule ya Shigayama, shule kongwe kuliko zote za ngoma ya kabuki.

Mama huyu ndiye ufunguo wa mengi yatakayofuata. Zamani hizo ngoma jukwaani ilihesabiwa kuwa kazi ya waigizaji wa sehemu za kike. Mwigizaji wa kiume alitakiwa asimame, angurume, akunje uso, apige pozi kisha ashangiliwe. Kiuno na vidole aliwaachia wenzake. Kijana huyu lakini alikulia mbele ya mwalimu mwanamke, akijifunza kuuweka mguu sakafuni usitoe sauti, na kugeuza shingo bila bega kujua. Akawa na kitu mwilini ambacho wenzake wa sehemu za kiume hawakuwa nacho, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua akitumie wapi.

Aliingia jukwaani utotoni, katika miaka ya 1740, chini ya Nakamura Denkuro wa pili, na kutoka kwenye ukoo huo wa Nakamura akapata jina lake. Kisha katika ujana akaacha. Alikaa nje ya sanaa miaka kadhaa, na aliporudi alikuta foleni haikumngoja: waliokuwa nyuma yake wako mbele, na yeye anaanza upya kwenye chumba cha chini. Akamwoa Okishi, binti wa nyumba ya wapiga shamiseni, ambaye wasimulizi wa baadaye watamfanya mwenye busara kuliko mumewe.

Nakazo ni mmoja wa waigizaji wachache wa karne ile walioacha maandishi yao wenyewe. Aliandika kumbukumbu za maisha yake na shajara, hii ikiitwa kwa lakabu yake ya kishairi, Shukaku.

Nyumba ya Kiba

Aliyemwona ni Ichikawa Danjuro wa nne. Jina la Danjuro ndilo jina zito kuliko yote katika kabuki ya Edo. Ukoo huo ndio ulioanzisha aragoto, mtindo wa mashujaa wenye nyuso za mistari myekundu na sauti ya radi. Danjuro wa nne mwenyewe, hata hivyo, hakuingia kwenye jina hilo kwa njia iliyonyooka. Alipita kwanza katika jina la Matsumoto Koshiro, akalipata la Danjuro mwaka 1754 kwa njia ya kuasiliwa, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40. Wapenzi wa aragoto walimnung'unikia kwamba hana radi ya ukoo. Umahiri wake ulikuwa kwenye wahusika wabaya wenye akili, watu wa giza.

Nyumbani kwake Kiba, mtaa wa wauza mbao upande wa Fukagawa, alianzisha kikao cha mafunzo. Waigizaji vijana walikusanyika kuchambua sehemu: huyu mhusika ametoka wapi, kwa nini anashika upanga hivi, kwa nini ananyamaza hapa. Nakazo alikuwa miongoni mwao. Sanaa ile ilifundishwa kwa kuiga, mwanafunzi akitazama mgongo wa mwalimu na kurudia, kwa hiyo kumwuliza mwigizaji "kwa nini" kulikuwa karibu na utovu wa adabu. Danjuro wa nne alilifanya swali hilo kuwa zoezi. Sidhani ni bahati tu kwamba mtu aliyeingia katika ukoo kwa mlango wa kuasiliwa ndiye aliyemfungulia mlango asiye na ukoo kabisa.

Chini ya mkono wake Nakazo akapanda ngazi baada ya ngazi, akipewa watu wabaya, wapinzani, wale ambao mchezo unawahitaji ili shujaa apate wa kumshinda.

Sehemu ya chakula

Ili kuelewa kilichotokea mwaka 1766, lazima kwanza tuujue mchezo wenyewe.

Kanadehon Chushingura uliandikwa kwa ajili ya vikaragosi na kuonyeshwa mara ya kwanza Osaka, katika jumba la Takemoto-za, mwaka 1748. Waandishi wake walikuwa watatu: Takeda Izumo wa pili, Miyoshi Shoraku na Namiki Senryu. Unasimulia kisa cha samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao mwanzoni mwa karne hiyo, ila majina yamebadilishwa na zama zimerudishwa nyuma ili wakaguzi wa serikali wasiseme kitu. Mwaka uliofuata ulikuwa tayari unachezwa na waigizaji wa kabuki huko Edo, na tangu hapo jumba lililoishiwa watazamaji liliutoa kama mgonjwa anavyopewa uji.

Una sehemu 11. Katika ya nne, bwana Enya Hangan anajikata tumbo kwa amri ya serikali. Tukio hilo lilichezwa kwa heshima kubwa hata mlango ulifungwa: hakuna kuingia, hakuna kutoka, hakuna mchuuzi kupita na keki za mchele. Watu walikaa kimya, njaa ikiwakereketa. Kumbuka kwamba maonyesho yalianza asubuhi mapema na kwenda hadi jioni, kwa kuwa taa za moto ndani ya jumba la mbao zilikuwa hatari. Kwa hiyo pazia la sehemu ya nne lilipofungwa, jumba zima lilipumua, na vikasha vya chakula vikafunguliwa. Sehemu ya tano ikaitwa sehemu ya chakula. Nani angetazama jukwaa na wali uko mapajani?

Na ndani ya sehemu hiyo ya tano, Ono Sadakuro alikuwa hana uzito wowote. Ni usiku wa mvua kwenye barabara ya Yamazaki. Mzee Yoichibei anarudi nyumbani na ryo 50, nusu ya bei ya binti yake ambaye familia imemwuza danguroni ili mkwe wao, Kanpei, apate mchango wa kujiunga na kisasi. Sadakuro anamvamia, anamwua, anachukua pesa. Muda si muda Kanpei, anayewinda nguruwe mwitu gizani, anafyatua risasi na kumpiga Sadakuro. Basi. Alivyochezwa wakati huo, Sadakuro alikuwa jambazi wa milimani tu: joho zito lililotiwa pamba, kitambaa kikubwa kichwani, vitambaa vya kufungia miguu, uso uliopakwa rangi nyekundu. Mhusika wa aina hiyo hupewa mtu wa cheo cha kati, anayefurahi kupata hata hicho.

Mwaka 1766, Ichimura-za

Mwezi wa tisa wa mwaka 1766, Ichimura-za iliutoa Chushingura, na Nakazo, ambaye kwa umahiri alikwisha kupita daraja hilo, akapewa Sadakuro.

Wasimulizi wa rakugo, wale wanaokaa peke yao juu ya mto wa kukalia na kusimulia kisa kizima kwa sauti na pepeo, wana maelezo yao. Wanasema mwandishi wa jumba alikuwa na kinyongo naye, akamtupia sehemu hiyo ili amtie adabu. Wanasema Okishi alimwambia mumewe kwamba labda amepewa ili aicheze kama hakuna aliyewahi kuicheza. Nakazo akaenda kuomba kwenye hekalu la Myoken huko Yanagishima, siku baada ya siku, na siku ya mwisho mvua ikamkuta njiani, akakimbilia ndani ya duka la tambi za soba. Hapo akaingia samurai mmoja wa daraja la hatamoto, aliyefilisika: kimono cheusi chenye nembo, kimechakaa, pindo limechomekwa kiunoni, upanga wenye ala nyekundu, utosi ambao ulipaswa kunyolewa umeota nywele, mwavuli umetoboka. Akaukunja mwavuli, akaukung'uta maji, akazikamua nywele kwa kiganja. Nakazo akasahau tambi zake zikapoa.

Kisa kitamu, na kimepambwa na vizazi vya wasimulizi. Lakini hata ukiondoa duka na mvua, mantiki ya kikao cha Kiba inabaki pale pale. Sadakuro ametoka wapi? Mchezo wenyewe unajibu: ni mtoto wa Ono Kudayu, mmoja wa wazee wakuu wa nyumba ya Enya. Baba ni msaliti, mwana amefukuzwa kwa tabia mbaya. Mtu huyu hajazaliwa porini. Amelelewa kwenye mikeka safi, amefundishwa kusoma, amevishwa hariri. Akiwa jambazi, atakuwa jambazi mwenye nguo zake za zamani. Maandishi yaliyasema hayo kwa miaka 18, na hakuna mwigizaji aliyeyasikiliza.

Basi Nakazo akatupa joho. Akavaa kimono cheusi chembamba chenye nembo, pindo limepandishwa, mapaja wazi. Akajipaka weupe mwili mzima, kama wanavyopakwa wapenzi wazuri wa jukwaani, badala ya wekundu wa majambazi. Akavaa nywele za bandia zenye utosi ulioota, akashika mwavuli uliotoboka, na kabla ya kutoka akajimwagia maji.

Jumba likamwona. Mwili mweupe, nguo nyeusi, usiku mweusi nyuma yake, maji yakidondoka kwenye nywele. Alikuwa mzuri. Hilo ndilo lililowashtua: muuaji wa mzee asiye na hatia alikuwa mzuri wa kutazamwa, na alifanana na mtu ambaye yeyote kati yao angeweza kupishana naye mtaani, kwa sababu Edo ya wakati ule ilijaa samurai waliouza kila kitu isipokuwa panga zao. Rakugo inasema watu hawakushangilia hata kidogo, walibaki na vijiti hewani, na Nakazo aliudhani ukimya ule ni kushindwa. Akarudi nyumbani kufunga virago ahame Edo. Njiani, inasemwa, akasikia wapita njia wakizungumza habari za Sadakuro wa Ichimura-za, na ndipo akajua.

Ukitaka ushahidi mwingine, tazama kilichofuata. Mavazi yale yalibaki. Katika kabuki ya Edo, Sadakuro wa baada ya 1766 amevaa nyeusi na kupakwa nyeupe. Vizazi vilivyokuja viliendelea kunoa: maneno yakapunguzwa hadi likabaki moja, hesabu ya pesa mkononi, "gojuryo", ryo 50; mkono mweupe ukatokeza kwenye lundo la mabua ya mpunga na kumnyang'anya mzee mfuko kabla hatujauona uso; na risasi inapompata, rangi nyekundu aliyoificha mwigizaji kinywani inadondoka tone kwa tone juu ya paja jeupe. Si yote hayo ni ya Nakazo. Mlango ndio wake.

Kuna kejeli hapa ambayo naipenda. Katika kabuki, namna iliyokubalika ya kucheza sehemu huitwa kata, na kata hurithiwa kama shamba. Nakazo alivunja kata iliyokuwapo. Alichokiweka mahali pake kikawa kata, na leo kijana atakayethubutu kumvisha Sadakuro joho la pamba ataitwa mhuni.

Mtu mbaya anayecheza ngoma, miaka ya 1770

Baada ya hapo vijitabu vya wahakiki, vilivyotoka kila mwaka na kuwapanga waigizaji kwa madaraja, vikaanza kumtaja pamoja na wakubwa. Kinachostahili kutazamwa ni kwamba hakugeuka shujaa. Umaarufu haukumpeleka kwenye sehemu za vijana wema wala za aragoto, ambazo zilikuwa mali ya akina Danjuro. Alibaki upande wa giza: wala njama, wanyang'anyi wa viti vya enzi, wabaya wakubwa wanaojificha ndani ya nguo za watu wadogo.

Danjuro wa nne alistaafu mwaka 1776, akafariki miaka miwili baadaye. Mwanawe, Danjuro wa tano, alikuwa karibu rika moja na Nakazo, na kwa pamoja na Matsumoto Koshiro wa nne wakawa nguzo za Edo kwa miaka kama 20.

Ndipo urithi wa mama mlezi ulipopata kazi. Nakazo akaileta ngoma ya Shigayama kwenye sehemu za kiume. Yeye na wenzake wachache walionyesha kwamba mtu mbaya anaweza kucheza ngoma kwa muda mrefu jukwaani na bado akatisha, au akatisha zaidi. Kabla ya kizazi chao, onyesho la ngoma lilikuwa onyesho la waigizaji wa sehemu za kike. Baada yao, tamthilia ya ngoma iligawiwa kwa wote.

Wachoraji nao walikuwa wamebadilika. Picha za waigizaji za zamani zilikuwa na sura moja, na mtu alitambuliwa kwa nembo ya nguo tu. Katsukawa Shunsho na wenzake, kuanzia miaka hiyo hiyo ya 1760, wakaanza kuchora nyuso zenyewe. Shunsho alimchora Nakazo mara nyingi, mojawapo akiwa Sadakuro, kwenye karatasi nyembamba ndefu. Kwa hiyo Nakazo ni miongoni mwa waigizaji wa mwanzo kabisa ambao sisi tunaweza kusema tunaijua sura yao: uso mrefu, macho ya kuzama, mtu asiye na haraka.

Theluji na mcheri, 1784

Miaka ya 1780 ilikuwa mibaya kwa Japani. Mwaka 1783 mlima Asama ulilipuka, majivu yakafunika mashamba, na njaa ya zama za Tenmei ikaua watu wengi hasa kaskazini. Majumba ya maonyesho yalikuwa yamezama kwenye madeni. Ichimura-za ikashindwa kufungua, na kibali chake kikashikwa na jumba mbadala, Kiri-za.

Ni katika Kiri-za hiyo, mwezi wa 11 wa mwaka 1784, katika onyesho la kufungulia mwaka ambapo kila jumba lilitambulisha kikosi chake kipya, Nakazo alipotoa kazi ambayo wachezaji wengi huihesabu kuwa kilele cha tamthilia za ngoma: Tsumoru Koi Yuki no Seki no To, kwa ufupi Sekinoto. Maneno ni ya Takarada Jurai, uimbaji ni wa mtindo wa Tokiwazu.

Jukwaani kuna theluji, na katikati ya theluji mcheri mmoja umechanua nje ya majira yake. Kando yake kuna kizuizi cha barabarani, na mlinzi wake ni Sekibei, mtu wa kuchekesha, mlevi, anayekata kuni. Kidogo kidogo, kupitia ngoma, tunaanza kushuku. Sekibei ni Otomo no Kuronushi, mtu anayetaka kuitwaa nchi. Anaponoa shoka ili aukate mti, roho ya mcheri inamtokea katika umbo la kahaba mzuri, na mchezo unakwisha kwa pambano la shoka na tawi la maua. Roho hiyo ilichezwa na Segawa Kikunojo wa tatu, mwigizaji mkuu wa sehemu za kike wa wakati wake.

Tazama mhusika huyo amejengwaje. Mlinzi wa barabarani aliyevaa matambara, ambaye ndani yake kuna bwana mkubwa. Ni Sadakuro yule yule amegeuzwa kichwa chini: pale bwana ameshuka akawa jambazi, hapa mlinzi ni bwana aliyejificha. Nakazo alikuwa na miaka 48, na aliujua umbali kati ya matambara na hariri kuliko mtu yeyote aliyezaliwa ghorofa ya juu.

Mwaka 1788, katika Nakamura-za, alicheza ngoma nyingine inayodumu hadi leo, Modorikago, ya Sakurada Jisuke. Yeye na Koshiro wa nne walikuwa wabeba machela wawili, mmoja akisifia Osaka na mwingine Edo, hadi vitu vinavyodondoka vifuani vinafichua kwamba hawa nao ni watu wengine. Miaka miwili baadaye, mwaka 1790, akafariki.

Jina baada ya mtu

Katika kabuki jina halizikwi na mwenyewe. La Nakazo lilichukuliwa mwaka 1794 na mwigizaji aliyekuwa akiitwa Otani Oniji wa tatu. Huyu dunia nzima inamjua bila kujua kwamba inamjua. Miezi michache kabla ya kubadili jina, mchoraji Sharaku alimchora akiwa mtumishi mwovu Edobei: taya limetokeza, macho yamekutana puani, vidole vyote kumi vimetanuliwa kifuani kama vya mtu anayetaka kukukaba. Ndiyo picha ya kabuki inayochapishwa kuliko nyingine yoyote, kwenye vikombe, kwenye mifuko, kwenye majalada ya vitabu. Wengi hudhani ni shujaa fulani mkuu. Ni msaidizi, mtu mbaya wa kutumwa. Alilivaa jina la Nakazo kwa muda mfupi tu, akafariki mwaka 1796.

Nakazo wa tatu, aliyeishi 1809 hadi 1886, anakumbukwa kama mwigizaji msaidizi. Mwaka 1853, akiwa bado anaitwa Nakamura Tsuruzo, alicheza Yasu wa Popo, mhuni wa mtaani mwenye alama ya popo shavuni, kando ya Danjuro wa nane aliyekuwa kipenzi cha Edo. Mchezo ule ulipaswa kuwa wa kijana mzuri na mpenzi wake, na ni kweli ndio wao kwenye bango, lakini sehemu ya Yasu ikageuka kipimo cha wasaidizi wote waliofuata. Nakazo huyu wa tatu naye aliandika kumbukumbu, akaziita Temae Miso. Kwa Kijapani, kuisifia miso uliyoitengeneza nyumbani kwako ni kujisifu. Kwa hiyo kitabu kinajikosoa tangu kwenye jalada, kisha kinaendelea kujisifu kurasa baada ya kurasa, kikieleza safari za mikoani na mabwana wa majumba wanaokimbia na mapato.

Ngazi yenyewe imepunguzwa makali. Mwaka 1970 Jumba la Taifa la Maonyesho, Tokyo, lilifungua mafunzo kwa vijana wasiotoka kwenye koo za waigizaji, na leo wahitimu wake ni sehemu kubwa ya wasaidizi wanaoonekana jukwaani. Cheo cha nadai kipo bado, na kwa asiye na ukoo hupatikana kwa mtihani. Majina makuu na sehemu kuu vimebaki kwenye koo.

Wasimulizi wa rakugo bado wanasimulia habari za Nakazo na tambi zake zilizopoa, na mwaka 2021 televisheni ya NHK ilimfanyia tamthilia, akichezwa na Nakamura Kankuro wa sita, ambaye amezaliwa ndani kabisa ya ukoo wa Nakamura.

Sadakuro, kwa upande wake, sasa hupewa nyota. Vijana wa koo kubwa huisubiri kwa hamu, sehemu ya dakika chache yenye neno moja. Mzee Yoichibei, anayeporwa na kuuawa, huchezwa na msaidizi mkongwe. Na yule nguruwe mwitu anayekatiza jukwaa mbio kabla ya risasi kulia ni mtu aliyeinama ndani ya ngozi ya bandia, mwigizaji wa cheo cha chini, ambaye watazamaji hawauoni uso wake tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa.